Geji za Gari la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimefuta dashibodi kabla ya kwenda shule, kama kila siku. Baba alikuwa anaifuta kwa kipande cha kanga ya mama, nami natumia kipande kilekile. Leo kimenasa kwenye kioo kilichovunjika nikajikata kidole. Nimefundisha hesabu darasa la sita nikiwa nimefunga kitambaa. Watoto wameniuliza. Nimewaambia wafungue madaftari.

Wiki ya pili hii tangu Hamisi apakie bomba la chuma la msikiti bila kulifunga kamba. Aliposhika breki kwenye mteremko, bomba likaja mbele likatoboa geji ya mafuta na geji ya moto wa injini. Spidomita imepona. Hamisi naye amepona, bahati yake. Ana miaka thelathini na nne, mdogo wangu huyo, na bado anafunga mzigo kwa kuuambia utulie.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa Mwanga, Kigoma mjini, amezifungua na kuzifunga. Hazitengenezeki. Nyaya za ndani zimekatika, sindano zimepinda. Nimemuuliza mara tatu, mwisho akaacha kunijibu.

Hamisi anasema nisihangaike. Ameshaagiza Dar mpya zilizotengenezwa kuiga za zamani, zinakuja na treni. Anasema ukiziona huwezi kutofautisha. Mimi nitatofautisha. Nimekaa pembeni ya baba kwenye landrova hii tangu miguu yangu haijafika chini.

Sitaki za kuiga. Hasira imenikaa kifuani tangu mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Kumbe geji nzima zipo, tena hatua mia kutoka kwangu.

Nyumba ya pili wamempokea mkimbizi kutoka Kalemie, Kongo ng'ambo ya ziwa, mtu mzima, wanamwita Papa Kalenga. Huko kwao alikuwa dereva wa kiwanda cha pamba, na alikuwa na landrova yake mwenyewe, toleo lilelile la baba. Vita vilipofika, gari halikuwa na betri, akaliacha. Lakini kabla ya kukimbia alifungua geji zote tatu akazifunga kwenye shuka. Amevuka ziwa na shuka hilo, sufuria moja, na viatu alivyovaa. Eti waliolichukua gari wasijue lina mafuta kiasi gani. Jirani ananihadithia huku anacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza geji.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda. Nimemwamkia vizuri, shikamoo Mzee, nikakaa. Amenionyesha. Vioo vizima, maandishi yaleyale, pete ya shaba imefifia palepale ilipofifia ya baba. Nikaomba aniuzie. Akasema haziuzwi. Nikasema nimpe mashine ya kushonea ya mama, apate kazi. Akasema asante, haziuzwi. Siku atakayorudi atazirudisha mahali pake.

Nilirudi nyumbani nimefura. Arudi wapi? Gari saa hizi limeshabebeshwa askari mpaka limevunjika mgongo. Mtu hana godoro, halafu ananinyima kitu kisichomfaa kwa lolote.

Usiku sikujisikia vizuri kwa kuwaza hivyo, lakini nilikuwa nimewaza na sikufuta.

Jumanne, 11 Machi

Hamisi amepita kunieleza tena uzuri wa geji zake. Hoja yake mpya: ya baba ilikuwa inadanganya.

Ni kweli ilidanganya. Gari lilizama mto Malagarasi nikiwa darasa la tano, na tangu siku ile geji ya mafuta ikawa inasoma chini. Tangi likiwa nusu, yenyewe inaonyesha robo. Sindano ikilala kabisa, bado una mafuta ya kutoka Simbo hadi nyumbani Ujiji na kubaki na ya kwenda sokoni kesho yake. Baba hakuitengeneza. Alitufundisha kuisoma. Mama hakuwahi kushika usukani lakini aliweza kukuambia, kwa kuitupia jicho tu, kama utafika Ilagala au utalala njiani. Wageni waliopanda gari letu walitokwa jasho wakiiona sindano imelala, na sisi tuliwacheka. Ikilala, ndiyo kwanza safari.

Hamisi anasema hizi mpya zinasema kweli. Nimemwambia akazitundike dukani kwake.

Jumapili, 16 Machi

Mtoto wa Papa Kalenga hajapatikana. Nimelisikia leo kwenye bomba la maji, wala sikuuliza. Binti wa miaka kumi na minne, Feza. Siku ya kukimbia watu walisukumana ufukweni, boti ya kwanza ikajaa, baba akawa ndani na mtoto akabaki kwenye mchanga. Walimwambia boti ya pili inafuata. Ya pili ilifuata, Feza hakuwamo. Mama yake alishafariki siku nyingi.

Kila asubuhi mzee huyu huenda kwa miguu hadi bandarini Kigoma kuuliza, kisha anarudi. Nami nilikwenda kumwomba geji.

Hata babu yetu alivuka ziwa hilihili kutoka upande uleule, kabla hajazaliwa yeyote wa kunisimulia vizuri. Hapa Ujiji nani hakuvuka? Lakini tunawasema wakimbizi kwenye bomba kana kwamba sisi tuliota hapa na michikichi.

Jumatano, 19 Machi

Treni imefika. Nimerudi shule nikakuta Hamisi na fundi wameshafunga geji mpya bila kuniuliza. Gari langu. Baba aliniachia mimi, kwa maandishi.

Zinang'aa kama meno ya bandia. Nyeupe mno. Pete ni ya plastiki iliyopakwa rangi ya shaba. Spidomita ya baba, iliyobaki peke yake hapo katikati, inaonekana mgonjwa. Nimepiga kelele mpaka jirani akatoka. Hamisi amesimama anapangusa mikono. Fundi amekusanya spana zake akaondoka hata chai hakunywa.

Zinafanya kazi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alhamisi, 20 Machi

Wanawake wa dagaa wameleta habari. Kuna boti imeshusha watu Ilagala Jumatatu, wametokea kusini ya Kalemie, na kati yao yupo binti anaitwa Feza, yuko peke yake. Ana kovu la moto mkononi. Papa Kalenga aliposikia habari ya kovu alikaa chini palepale uani.

Malori ya kambini yanafika Ilagala Jumamosi mchana kuwachukua. Kambi zenyewe siku hizi ni kadhaa, na hakuna anayejua lori lipi linakwenda ipi mpaka lifike. Wanawake wanarudi kesho asubuhi kwa boti. Watampelekea ujumbe: baba yako anakuja na gari Jumamosi, usipande lori.

Gari lenyewe ni langu. Papa Kalenga alikuja wakati wa magharibi kuniomba, na shuka lake mkononi. Akaliweka mezani. Akasema nimfikishe kwa mtoto wake, geji ni zangu.

Nimekasirika. Sikutaka hongo. Ningempeleka bure. Nilimwambia hivyo, kwa ukali, akaitikia tu, "Ndiyo, mama mwalimu," na shuka hakulichukua. Nilifikiri kumwita fundi kesho azifunge. Nikaona hakuna muda, na tena fundi hajanisamehe. Tutakwenda na meno ya bandia.

Jumamosi, 22 Machi

Tumeishiwa mafuta kabla ya Ilagala. Geji feki ya Hamisi imetuangusha. Ilionyesha robo mpaka dakika gari linazima. Malori yameondoka. Mtoto hatukumkuta.

Nimemwambia Hamisi mbele ya watu. Nimechoka. Siandiki zaidi.

Jumapili, 23 Machi

Hamisi amezing'oa geji zake mwenyewe, bila fundi. Majirani wote wanajua: Hamisi alinunua takataka, mzee wa watu amekosa mtoto. Mama wa nyumba ya pili amempitia bila kumsalimu.

Papa Kalenga amelala tangu jana. Hali chakula.

Jumanne, 25 Machi

Naandika Jumamosi upya kwa sababu nilichoandika Jumamosi si kweli. Hakuna anayesoma daftari hili isipokuwa mimi, na bado nimelidanganya.

Asubuhi geji ilikuwa chini kidogo ya robo. Hamisi alisema nijaze kwanza. Kituo cha Mwanga kilikuwa na foleni ya magari meupe ya mashirika, yamepanga mpaka barabarani, na madereva wamelala viti vimelazwa. Ningekaa saa mbili. Nikamwambia Hamisi kwamba kwenye gari hili chini ya robo ni karibu nusu tangi, amesahau? Akasema, dada, hiyo ilikuwa ile ya zamani. Nikatia gia nikaondoka akiwa bado anazungumza.

Nilimsikia. Nataka niandike hivyo. Nilimsikia na nikaelewa maneno yake, ila mkono na jicho langu vilikuwa vimezoea miaka ishirini na tano, na hasira ilikuwa inaendesha pamoja nami.

Matope mengi. Niliendesha kwa gia nzito, zinazokula mafuta, tangu tulipotoka lami. Simbo tulipita saa tatu na nusu. Sindano ikaanza kushuka, na baada ya Simbo ikalala. Mimi nikaona kitu ninachokijua tangu utoto. Hata nilicheka kidogo, kama tulivyokuwa tunawacheka wageni.

Papa Kalenga alikuwa ameshika kitambaa chenye mkate na gauni alilomnunulia mtoto. Aliitazama geji muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Mama mwalimu, mafuta iko inaisha."

Nikamjibu, "Mzee, gari hili nalijua kuliko wewe."

Mtu aliyeendesha gari kama hili miaka ishirini, anaitazama sindano imelala, mtoto wake yuko mwisho wa barabara, na amenyamaza kwa sababu mwenye gari ni mkali. Mbele kidogo tulipita duka lenye madumu ya mafuta. Nililiona. Naye aliliona, aligeuza shingo.

Injini ilikohoa mara mbili ikazima. Nilijaribu stata mpaka ikaanza kuchoka. Yeye alikuwa ameshateremka, ameviringisha suruali, viatu mkononi. Aliniambia nisiache gari, watu watalifungua. Akaondoka anakimbia kwenye matope, mzee wa miaka sitini na ushei, kitambaa chake kifuani. Nilimtazama mpaka kona ikammeza.

Nilikaa. Nikamwomba dereva wa pikapu ya samaki aliyekuwa anakwenda Kigoma amfikishie Hamisi habari. Saa nane na kitu malori matatu yalinipita, yamejaa watu na magodoro, yanatokea Ilagala. Nilisimama barabarani nikapunga mikono miwili. Dereva wa kwanza alipiga honi nimpishe. La tatu lilinirushia matope. Niliita Feza, Feza, na wasichana kama watano wakageuka, na lori halikusimama.

Papa Kalenga alirudi alasiri anatembea; naye malori yalimpita njiani bila kusimama. Mkate alikuwa ameugawa njiani. Gauni analo.

Hamisi alifika na pikipiki ya kuazima, dumu limefungwa nyuma kwa kamba, safari hii alilifunga vizuri. Hata kabla hajashuka nikaanza. Geji yako feki. Ilionyesha robo. Ilionyesha robo mpaka inazima. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wa mashambani waliokusanyika. Hamisi alimtazama Papa Kalenga. Papa Kalenga aliitazama barabara. Alikuwa na neno moja tu la kusema na hakulisema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 27 Machi

Nilikwenda asubuhi kumwambia yule mzee aseme ukweli, au anitukane, lolote. Nilikuwa nimejiandaa. Amenikaribisha kiti. Nikafungua mdomo, yakatoka maneno ya kuuliza kama amekula.

Nimejichukia njia nzima mpaka shule. Nimemchapa mtoto wa watu kwa kosa la kugawanya. Kosa lenyewe lilikuwa dogo.

Jumatatu, 31 Machi

Wamekuja wa uhamiaji na orodha. Wakimbizi wote waliomo mjini waende kambini. Papa Kalenga hakusubiri kuitwa, alikuwa wa kwanza kupanda. Anasema huko ndiko mtoto aliko, basi na apelekwe, ataanza na kambi moja na kwenda nyingine.

Shuka lilikuwa bado mezani kwangu. Nilikimbia nalo hadi kwenye lori. Akakataa. Akasema nilimchukua kumpeleka Ilagala, yeye alisema geji ni zangu, basi ni zangu. Nikamwambia sikumfikisha. Akasema, "Njia ulinipeleka, mama mwalimu." Lori likawashwa.

Nimebaki na shuka mikononi katikati ya barabara. Watu wananiona mwema. Wameniambia hivyo: umemsaidia sana yule mzee, Mungu akulipe. Nilitaka kumpiga mtu.

Jumamosi, 5 Aprili

Fundi amefunga geji za Papa Kalenga. Sasa dashibodi ni kama alivyoiacha baba. Ukikaa kwenye kiti cha dereva huwezi kujua kwamba kitu chochote kiliwahi kuvunjika. Ndicho nilichokitaka tangu mwanzo, kwa kelele zile zote.

Ya mafuta inadanganya, lakini kwa namna yake. Inapanda badala ya kushuka. Mwenyewe hakupata muda wa kunieleza, au nilimnyima. Naendesha kwa kubahatisha. Nimejaza tangi mara tatu wiki hii.

Ijumaa, 25 Aprili

Hamisi hapandi gari hili siku hizi. Akija nyumbani anakuja kwa miguu, anakaa kibarazani, anaongea na wapita njia. Dukani kwake wanamtania, nani anataka geji ya Dar. Anacheka nao. Namsikia anacheka.

Ni kiasi gani cha hasira mtu anaweza kuwa nacho juu ya mtu ambaye hajamkosea? Nimeona kwamba ni nyingi sana. Kila nikimwona naudhika zaidi. Anavyotembea. Anavyokohoa. Nimemgombeza kwa kuacha mlango wazi, na mlango niliuacha mimi.

Jumapili, 18 Mei

Barua imefika, imeletwa na dereva wa lori la mahindi. Mwandiko si wa Papa Kalenga. Ni wa kitoto, mistari imenyooka, herufi zimeumbwa vizuri. Ni wa Feza.

Wamekutana wiki iliyopita. Yeye alipelekwa kambi moja, baba yake nyingine, na kibali cha kumhamisha kilikwenda na kurudi. Wiki saba. Ameandika kwamba Ilagala alipata ujumbe wetu. Alikataa kupanda lori. Dereva alikuwa mtu mwema, akamwambia atasubiri kidogo, na akasubiri kama nusu saa, wengine wakilalamika juani. Kisha akamwambia, mwanangu, gari hilo haliji. Katika wiki saba hizo aliugua malaria mara mbili na hakuwepo wa kumshika. Hakuandika kwa kunilaumu. Hajui. Baba yake hakumwambia. Anashukuru. Anasalimia wote, na mwisho anamsalimia kaka Hamisi, aliyeleta mafuta.

Hamisi alikuwa uani anakula ugali na samaki wa migebuka. Nilimsomea barua yote nikiwa nimesimama. Nilipofika mwisho nikaendelea kusimama. Nikamwambia geji yake ilikuwa sawa. Ililala, niliiona imelala, mzee aliniambia, nami nikapita duka la mafuta.

Aliosha mkono kwenye bakuli. Akasema anajua. Siku ile, alipokuwa anamimina dumu, aliwasha swichi, akaona sindano inapanda pole pole jinsi mafuta yanavyoingia. Ilikuwa nzima.

Miezi miwili karibu. Kudharauliwa sokoni, kutembea kwa miguu, na alikuwa anajua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia saa ngapi, dada?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, na alikuwa anasubiri nimjibu. Nilifikiri. Nilipitia siku moja moja, asubuhi na jioni, nikitafuta saa ambayo angeniambia nikamsikia. Kisha nikakaa chini karibu naye, na chakula kilikuwa bado cha moto, tukala.